Aliyekunywa Ulanzi wa Mume Wangu

Kabla hujaniuliza kama nilikuwa nimelewa, nakujibu mapema: sikulewa. Nilionja funda moja tu, nalo nililionja kwa sababu ndiyo desturi, na utasikia mwenyewe lilivyonigharimu. Wala sikuwa na homa, wala sikuwa nimesinzia. Ilikuwa mchana, yapata saa tisa, katika barabara ya Njombe kwenda Makambako, wakati Mwingereza bado anatawala. Mchungaji nilimweleza, akaniambia niombe. Mwanangu nilimweleza, akasema ni uzee, kana kwamba nilizaliwa mzee. Wewe uniamini au usiniamini, shauri yako. Mimi nasema lililonipata.

Mume wangu alikuwa Baba Tumaini. Jina lake la kubatizwa sitalitaja, sisi hatutaji majina ya waume zetu ovyo ovyo. Alikwenda manamba, kukata mkonge huko Tanga, wakati Tumaini wetu ana miezi minne, hata kukaa hajui. Mimi sikutaka aende. Usiku wa kuamkia safari yake tuligombana, tena ugomvi wa kweli, mpaka akapiga teke chungu changu cha maji kikapasuka vipande. Tulikuwa wawili tu ndani, maana mama mkwe alikuwa amekwenda kumuuguza dada yake. Asubuhi nikaokota vigae nikavitupa, na hakuna mtu niliyemwambia. Aibu ya nyumba unaifukia mwenyewe. Yeye akajitwika blanketi lake la kijivu, lile nililolitia kiraka chekundu kwa mkono wangu, akaondoka bila kuniaga vizuri.

Alisema mwaka mmoja. Ikawa minne.

Ndipo ikaja barua, siku ya Alhamisi, mwalimu wa shule akatusomea. Kumbe huko kambini kuna mtu wa kwetu alimpelekea maneno kwamba mimi nimechukuliwa na mwanamume mwingine. Uongo mtupu, nakuapia. Lakini mtu aliye mbali ukimtia neno kama hilo sikioni, utalitoaje? Akaandika hivi: Jumamosi nitashuka Makambako. Nitakungoja hapo njia panda mpaka jua lizame. Nikikuona, tutakwenda nyumbani. Nisipokuona, nitajua niliyoambiwa ni kweli, nitapanda gari la Mbeya niende Chunya kwenye dhahabu, nanyi msinitafute.

Unaona? Siku mbili. Nisipofika, sina mume, na mwanangu hana baba, na maneno ya watu yanakuwa kweli.

Sasa nikueleze jambo moja, maana bila hilo hutanielewa. Katika ukoo wa mume wangu, mtu aliyekaa mbali miaka mingi hapokelewi kwa maneno matupu. Anapokelewa kwa ulanzi, ule utomvu wa mianzi uliochacha. Mke anaonja kwanza, kuonyesha hakuna sumu wala hila, halafu anampa kwa mikono miwili mbele ya mtu wa ukoo. Mume anakunywa mpaka mwisho, anarudisha chombo, anasema, "Nimefika." Hapo ndipo amefika. Kabla ya hapo, hata awe amekaa ndani anaota moto, wazee watakwambia bado yuko njiani. Mama mkwe wangu alikuwa Mlutheri wa kiti cha mbele kanisani, lakini ulanzi wa kumpokelea mtu hakuuita pombe hata siku moja.

Ilikuwa masika, mianzi inatoa vizuri. Mama akanijazia kibuyu kikubwa cha ulanzi, na pembeni akanipa mbeta moja, kile kipande cha mwanzi tunachokingia ulanzi, imejaa pomoni na mdomo wake umezibwa kwa majani. Macho yake yalikuwa yameshaingia ukungu mweupe, haoni ila kivuli, lakini mikono yake ilijua kazi. Akaniambia kibuyu ni cha watu wote watakaokuwepo, mbeta ni ya mwanawe.

Wa kunipeleka alikuwa shemeji yangu Ezekia, mdogo wake Baba Tumaini, dereva wa lori la mfanyabiashara mmoja wa Njombe. Jumamosi hiyo alikuwa anakwenda Makambako kuchukua chumvi. Ezekia alikuwa mtu mzuri, Mungu amlaze pema, lakini kujisifu kulimzidi kimo. Tulipatana saa kumi na mbili alfajiri. Alikuja saa tatu. Alikuwa amepita kupakia viazi vya kwake, akauze huko, na ili vienee alikuwa ameshusha debe la maji na jembe na minyororo ya matope, akaviacha kwake. Taniboi wake wa kumsaidia njiani alikuwa anaumwa, hakutafuta mwingine. Mama mkwe, kwa upofu wake ule, akapapasa ubavu wa lori akamuuliza, Ezekia, maji umechukua? Kamba je? Akamjibu kwamba hili ni lori, si punda, halipewi maji kila kilima. Kisha akanigeukia mimi, akanitania kwamba nimejipaka mafuta mpaka nzi watateleza. Nilicheka. Nilikuwa na furaha, nitafanyaje?

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sisi tulivunjika tairi kwanza.

Hatujafika hata nusu ya njia, tairi la nyuma likaishiwa upepo. Nikamwambia, si kuna spea? Akasema ipo. Akaishusha, nikaiona mwenyewe imelala chali, imesinyaa. Kumbe nayo ilikuwa na pancha tangu wiki iliyopita, akasahau kuiziba. Na jeki? Jeki alikuwa amemwazima rafiki yake. Basi tukakata mti, tukaweka mawe, mimi nimekalia ncha ya mti kwa uzito wangu wote na kitenge changu kipya, yeye anahangaika na tairi chini. Alilijaza majani makavu aliyoyafukua chini ya turubai lake, akayashindilia kama anajaza godoro. Lori likaondoka linachechemea. Jua sikuliona, maana ukungu ulikuwa umeanza kushuka, lakini tumbo liliniambia mchana umeingia. Nikaanza kuomba kimoyomoyo.

Tukapanda kilima kirefu. Huko juu rejeta ikachemka, mvuke ukatoka mbele puu, lori likazimika. Ezekia akafungua boneti, akasimama anatazama kama mtu anayetazama kaburi. Maji hakuna hata tone, na debe liko kwake Njombe. Vidimbwi vya barabarani vilikuwa tope tupu, akasema tope litaua injini. Akageuka akakitazama kibuyu changu.

Nilimwambia hapana. Nikamwambia ni ulanzi wa kaka yako, umelaaniwa wewe? Akaniuliza, kwa upole safari hii, kipi nataka, kibuyu kijae au kaka yake nimkute. Nikamwachia kibuyu. Akamimina ulanzi wote kwenye rejeta. Mungu wangu, ile harufu! Povu lilifurika mpaka kwenye matairi, lori lote linanuka kilabu. Na bado haukutosha, maana mwingi ulichemka ukamwagika. Ikabidi achukue kibuyu kitupu ateremke bondeni kutafuta kijito. Akaniambia nisiondoke kwenye lori. Nikamwona anaingia kwenye ukungu hatua tano, sita, halafu sikumwona tena.

Nikabaki peke yangu, nimeikumbatia ile mbeta chini ya kitenge.

Kama hujawahi kukaa katika ukungu wa kwetu wakati wa masika, sijui nikuelezeje. Ukinyoosha mkono huoni vidole. Barabara iko wapi, bonde liko wapi, hujui. Nilishika mlango wa lori kwa mkono mmoja ili nisipotee. Nikawa nahesabu muda, najiambia sasa ni saa nane, sasa ni saa tisa, na kule njia panda kuna mtu anatazama jua. Nililia kidogo, sitakuficha.

Nikasikia nyayo. Zilitoka upande wa Makambako, zinakuja taratibu. Sauti ikanisalimu, "Kamwene."

Nikaitikia. Na kabla sijamwona nilishamjua. Sauti ya mume wangu nisiijue? Akatokea mbele yangu, Baba Tumaini mzimamzima, na blanketi lake la kijivu begani, na kiraka changu chekundu. Sikupiga kelele. Nilikaa tu kwenye kibao cha kupandia lori. Nikamwambia nilidhani nimechelewa. Akasema, "Umechelewa, ndiyo maana nimekuja mwenyewe."

Iliingia akilini, sivyo? Mtu amengoja, amechoka, ameamua kutembea kutulaki. Ndivyo nilivyowaza. Furaha ilinijaa nikawa simtazami vizuri. Baadaye ndipo nilipokumbuka kwamba hakuwa na mzigo wowote, mtu wa miaka minne mkonge, hata kasanduku. Na uso wake haukuwa na siku hata moja zaidi ya ile asubuhi aliyoondoka.

Akaniuliza habari za mama. Nikamweleza macho. Akaniuliza kama upande wa jikoni bado unavuja. Unavuja, nikasema. Kisha akauliza, "Tumaini ameota meno?"

Nikamjibu ameota. Nilimjibu hivyo hivyo, ameota, na moyoni nikahisi kitu kama baridi kimepita, maana Tumaini alikuwa msichana wa miaka minne na ushei, anachota maji kwa kikopo chake, anaimba nyimbo za kanisani. Baba gani anauliza meno? Lakini nikajisemea, huyu hajui, hajamwona tangu akiwa mchanga, wanaume hawajui hesabu za watoto. Unaona jinsi mtu anavyojitafutia sababu?

Akakaa kando yangu. Akasema kwa sauti ya chini, "Kile chungu nilikosea. Nitakununulia kingine."

Hapo nikaisha. Nikwambie kweli, mashaka yote yalikwisha pale pale. Nani mwingine alijua habari za chungu? Hakuna mtu chini ya jua. Nililia nikamwambia yamepita. Naye akanyoosha mikono yote miwili, akasema ana kiu, kama nimemletea chochote.

Nilikumbuka kwamba anatakiwa mtu wa ukoo kushuhudia. Nakuapia nililikumbuka. Nikasema tumngoje Ezekia, yuko bondeni, anakuja sasa hivi. Akasema ametembea mbali na koo limekauka. Alisema kwa unyonge mpaka nikajiona mke mbaya, mume wangu karudi baada ya miaka minne nami namnyima kinywaji kwa ajili ya taratibu. Nikatoa majani, nikaonja funda moja, nikampa kwa mikono miwili. Akanywa yote bila kupumua. Akanirudishia mbeta mikononi, sawasawa kama inavyotakiwa, akasema, "Nimefika."

Akasimama. Nikamwambia atulie, tutageuza lori twende nyumbani pamoja. Akasema yeye anatangulia, nyumba anaijua. Akaelekea upande wa Njombe. Mimi nikaliachia lori nikamkimbilia, namwita Baba Tumaini, Baba Tumaini, na ukungu unanifumba macho. Nikaacha barabara bila kujua, nikajikuta kwenye majani yanayonifika kiunoni, sijui mbele wala nyuma. Nilizunguka. Hata sasa sijui kwa muda gani. Honi ya lori ndiyo iliyonirudisha, Ezekia anaipiga bila kukoma na kunitukana kwa Kibena.

Nilimweleza yote kwa mara moja, maneno yanagongana. Akaniambia ametoka bondeni kwa njia hiyo hiyo ya upande wa Njombe, amepanda hatua zote mpaka barabarani, hakupishana na mtu. Nikamwonyesha mbeta tupu. Akainusa, akanitazama, akaniuliza kama nimeinywa mwenyewe kwa baridi. Nilitaka kumpiga kofi.

Nikamwambia ageuze, turudi nyumbani, kaka yake yuko mbele yetu kwa miguu. Akajaribu. Barabara ilikuwa nyembamba, tope limelainika, na lile tairi la majani likateleza mpaka upande mmoja ukaninginia kwenye bonde. Jembe la kuchimbua hatuna, minyororo hatuna. Tukaweka magunia ya viazi vyake chini ya gurudumu, viazi vikasagika, ndipo lori likarudi barabarani, na bado linatazama Makambako. Ezekia akakaa kwenye usukani anahema. Kisha akasema neno ambalo mpaka leo sijaliona kosa lake. "Shemeji, kama ni kaka, anakwenda nyumbani, na mama yupo. Kama si kaka, basi kaka yuko Makambako na jua linakwisha. Twende mbele."

Wewe ungefanyaje? Nilipanda. Njia nzima nilikuwa nageuka nyuma kutazama, na mbele natazama, shingo iliniuma siku tatu.

Tulitoka kwenye ukungu karibu na Makambako, tukakuta jua halijazama, limebaki kidole kimoja juu ya mlima. Pale njia panda kulikuwa na lori la Mbeya, injini inanguruma, watu wanapanda. Na mtu mmoja alikuwa ameweka mguu kwenye tairi, kasanduku ka mbao kichwani, anatazama barabara yetu.

Alikuwa mume wangu.

Alikuwa amekonda. Nywele za pembeni zimeingia mvi, mtu wa umri wake. Mkono wa kushoto hauna kidole cha mwisho, baadaye aliniambia ni mashine ya mkonge. Koti alilovaa la kakhi sikulijua. Lakini kovu la nyusi lilikuwa lake, na mwendo wake wa kutupa mguu wa kulia ulikuwa wake, na Ezekia alishuka akamrukia shingoni, wakalia wote wawili. Mimi nilisimama. Watu walidhani ni haya ya mwanamke. Haikuwa haya. Nilikuwa sijui nimkimbilie au nimkimbie.

Akashusha kasanduku, akanisogelea. Akatazama mikono yangu, maana alijua desturi ya kwao, alikuwa ameingoja njia nzima kutoka pwani. Akaiona mbeta. Akaipokea, akaiona tupu, nayo bado mbichi ndani. Akaniuliza polepole, "Nani amekunywa?"

Fikiria mwenyewe. Huyu mtu amerudi kwa sababu ya maneno kwamba nina mwanamume mwingine. Nimwambieje? Kwamba nimempa mwanamume mwingine barabarani kinywaji chake, tukiwa wawili tu ndani ya ukungu, lakini huyo mwanamume ni yeye? Ezekia ndiye aliyeniokoa, au aliyeniangamiza, sijui. Akacheka kwa nguvu akasema lori ndilo lililokunywa, limekunywa kibuyu kizima, na akaeleza habari za rejeta mpaka watu wa gari la Mbeya wakacheka na wao. Mume wangu akacheka pia, kwa adabu, kama mtu anayecheka nyumbani kwa watu. Kisha akanirudishia mbeta. Hakusema amefika. Angesemaje?

Tulilala Makambako kwa mama mmoja wa Mahongole aliyekuwa na nyumba karibu na njia panda, kesho yake tukarudi. Ukungu ulikuwa umekwisha kabisa, barabara yote unaiona, na nilitazama kila kichaka. Tulipofika nyumbani, mume wangu akasimama mlangoni akapiga hodi. Mama mkwe alikuwa ndani kwenye moto. Akasema, "Hodi ngapi, mwanangu? Jana si uliingia?"

Akaeleza bila wasiwasi wowote. Jana jua likizama alisikia hodi, akamjua mwanawe kwa sauti, akamkaribisha. Akaingia, akakaa kwenye kigoda cha baba yake, wakaota moto, akasema amechoka, akaenda kulala. Asubuhi mama alipomwita hakuitikia, akadhani ametoka kutazama mashamba. Mume wangu akanitazama, akatikisa kichwa kwa huruma. Alidhani mama yake amezeeka. Mimi nilikwenda chumbani. Kitanda nilikitandika mwenyewe kabla ya safari, nikakikuta kimelaliwa. Na kutoka pale tulipoharibikiwa mpaka nyumbani, kuanzia saa tisa mpaka jua kuzama, hakuna miguu inayofika, hata ukimbie.

Tulikaa naye miaka thelathini na zaidi. Usifikiri alikuwa mume mbaya. Hakunipiga, hakulewa, watoto wengine watatu tulizaa. Lakini alikaa kama mgeni. Kigoda cha baba yake hakukikalia, alikaa karibu na mlango. Nyumba aliyoijenga upya kwa mikono yake, akirudi shambani anapiga hodi na kungoja aitikiwe. Chakula anaomba, hata chumvi anaomba. Watu husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu nilimpa jembe akalima miaka yote hiyo, na bado mgeni. Siku za ukungu mkubwa hakukaa ndani kabisa, alitoka na koti lake kwenda kukaa kwenye zizi mpaka uishe. Nilimuuliza kwa nini. Akasema humo ndani mnakuwa mmejaa.

Mara moja nilimpima. Tulikuwa tunapukuchua mahindi, nikamwambia, unakumbuka ulivyonivunjia chungu? Akauliza, chungu gani? Nikamkumbusha usiku ule, ugomvi ule. Alifikiri kweli kweli, nilimwona anatafuta, kisha akaniomba radhi kwamba hakumbuki. Sasa niambie wewe. Je, mkonge ulimsahaulisha? Miaka minne ya jua na mashine inaweza kumfuta mtu mambo mengi. Au yule aliyekumbuka ndiye aliyekuwa wangu, na mimi nikamwacha aende peke yake, nikaleta mwingine nyumbani? Au wote wawili walikuwa yeye, nusu iliyoondoka na nusu iliyorudi? Nimeligeuza hili jambo mpaka limechakaa.

Nilimpikia, nilimfulia, nilimpenda pia, kwa namna yangu. Lakini sikumwambia. Mara ya kwanza nilinyamaza kwa woga, baadaye kwa mazoea, mwishowe nikawa sijui nianzie wapi.

Siku aliyokufa ilikuwa asubuhi njema, jua limetoka. Tulikuwa wawili tu. Nilikaa kando ya kitanda nikaamua kwamba leo nasema, nitaomba ulanzi kwa jirani, nitaita mtu wa ukoo, nitampokea mume wangu hata kwa kuchelewa. Kabla sijasema akanishika mkono kwa ule mkono wa vidole vinne. Akasema, "Mama Tumaini, mmenitunza vizuri hapa kwenu. Nimekaa sana. Naomba ruhusa niende kwangu."

Nilitaka kumwambia hapa ndipo kwako. Maneno nilikuwa nayo, yalikuwa hapa kooni. Lakini mtu akikuaga kwa adabu namna ile, ulimi unajibu wenyewe ulivyozoea. Nikasikia nimesema, "Karibu tena."

Akaitikia asante. Hakusema lingine, na maji ya chai hayajachemka alikuwa amekwisha kwenda.

Basi, wewe unayefunga safari, usinicheke. Chukua maji, chukua kamba na jembe, na spea uitazame kwa macho yako kabla hujapanda. Laiti tungekuwa na debe moja la maji, Ezekia asingeteremka bondeni, nami nisingebaki peke yangu na yule mtu. Na kitu ulichobebeshwa kwa ajili ya mwenzako, usikitoe njiani, hata anayekiomba awe na sura yake na sauti yake na kiraka ulichokishona wewe. Mwambie atangulie, utampa nyumbani mbele ya watu. Kama ndiye, atangoja. Mimi sikumwambia hivyo, na hadi leo sijui niliyemzika ni nani.